Nyumba ya Fito Uliyoniachia

Baba Rehema,

Niwie radhi kwa kunyamaza tangu tulipokuzika. Kila nilipoketi kukuandikia, nilijua utaniuliza habari za nyumba ya wazazi wako kule Uingereza, nami nilikuwa sijaamua.

Fundi ameikagua. Saruji aliyoipaka baba yako kwa nje imeyafungia maji ndani ya ukuta, na nguzo za mwaloni zinaoza. Saruji ibanduliwe, anasema, na ukuta ukandikwe upya kwa udongo na chokaa kabla ya baridi. La sivyo, niiuze. Mnunuzi yupo, anataka jibu Ijumaa.

Nakumbuka ulivyobandua kipande cha ukuta jikoni ili unioneshe. Fito, udongo, majani makavu, samadi ya ng'ombe! Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Mama yako alikuwa akiniuliza kwa upole kama kwetu Pangani bado tunaishi katika nyumba za udongo. Ukasema, "Basi fundi ni wewe. Tutaikandika pamoja." Nikakubali.

Pamoja na nani sasa?

Nimo humu katika fleti yetu ya Etterbeek, ng'ambo ya Uingereza, ghorofa ya nne. Lifti imeharibika, na nyonga yangu haiziwezi ngazi. Papa Floribert wa chini, yule wa Lubumbashi, huniletea mkate. "Bon, maman, leo tena mi njo asanseri yenu!" Lifti, kwa Kifaransa chake. Rehema anataka niuze. "Mama, hapa umefungwa na ngazi. Kule utafungwa na ngazi na matope."

Hakukosea. Wasimamizi wa majengo ya kale hawaruhusu ngazi ile nyembamba iguswe, wala mlango uinuliwe; mlangoni palepale uliponiambia kila mara, "Inama, mke wangu!" kisha ukajigonga paji wewe.

Wageni wa msiba niliwapokea wote, chai ikawatosha. Sijalia, Baba Rehema. Nadhani nami nimepakwa saruji.

Jana nilimwomba Papa Floribert aniletee chokaa kidogo. Akauliza, "Ya kufanya nini, maman?" Nikamwambia nataka kuona kama mikono ingali inakumbuka kukandika.

Lala, mume wangu, usiihangaikie nyumba. Nikishaamua nitakuandikia wewe kwanza, kabla ya Rehema, kabla ya mnunuzi.

Mkeo,
Mwanaidi