Eliya kazima seva

Agnela, nimepasuka mdomo. Nimepigwa ofisini! Mimi!

Si unamjua Eliya, meneja wetu wa gereji? Asubuhi nimewasha seva kama kawaida. Nikaandika amri kwenye lile dirisha jeusi la laptop, ukurasa wa hitilafu za magari ukafunguka kwenye simu za madereva wote. Ya kwanza kabisa ni ya gari la Efraimu, dereva wetu wa watalii: breki hazishiki. Na wageni wake wanasubiri kupelekwa Mlima Meru!

Eliya akaja mbio. "Zima hicho kitu! Gari la Efraimu ni zima, liondoke!"

Nikamwambia sizimi, bosi, mpaka gari litengenezwe.

Akanizaba kofi. Kofi, Agnela! Akanipokonya laptop, akaizima seva mwenyewe.

Kumbe Efraimu yuko mlangoni. Akamkaba Eliya shingo, akamgongesha ukutani, akamgongesha tena, damu zikamtoka puani. Nikaingia kati kuwaamulia, kiwiko cha Efraimu kikanipata mdomoni.

Nikaichukua laptop, damu inadondokea kwenye kibodi, nikaiandika ile amri upya. Ukurasa ukarudi. Madereva wakaanza kuingia, simu mkononi, wanamwangalia tu Eliya.

Efraimu akamwachia. Akatoa funguo mfukoni.

"Unasema gari ni zima? Haya, wapeleke wewe. Halafu teremka nalo ule mlima."

Eliya akaziangalia zile funguo, akaficha mikono nyuma kama mtoto.

Alikuwa anajua, Agnela. Alikuwa anajua, na bado alitaka Efraimu aondoke nalo.