Nimeiwasha Taa ya Mwisho, Papa Mugisho

Kadutu, Jumatatu asubuhi

Papa Mugisho,

Naanza na lile ambalo ungeniuliza kwanza: mashine ni nzima. Projekta iko juu ya kabati lako, imefunikwa kwa shuka la kijivu, na waya wake nimeuzungusha vile ulivyotaka, bila kuukunja shingo. Ila taa yake, ile ya mwisho, uliyoifunga kwa pamba ndani ya kopo la maziwa ukasema ni ya mtoto wetu Mugisho, haipo tena. Nimeiwasha mimi. Nataka uipate habari hii kwa mkono wangu kabla sijafika huko mwenyewe. Daktari wa Ibanda ameacha kunipangia siku ya kurudi, nami nimefundisha watoto miaka mingi. Najua kumsoma mtu anaponyamaza.

Tangu uondoke, umeme umezidi kiburi. Zamani ulikatika mvua ikinyesha. Sasa unakatika hata jua likiwaka, na ukirudi unarudi na hasira. Frigo ya jirani wa juu ilikufa hivyo, na redio ya katekista ilitoa moshi katikati ya habari, watu wanamcheka mpaka leo. Kile kisanduku chako cha kusawazisha umeme bado kinanguruma kama paka aliyeshiba, lakini sindano yake haitulii. Nami nimezishika sheria zako zote. Ampuli, ile balbu ya mlango wa jikoni, ndiyo shahidi: ikiwa na rangi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, umeme ni dhaifu, ngoja, ikiwa nyeupe kama kanzu ya komunyo, chomoa. Na tusiwashe kamwe saa kiwanda cha huku chini kinapozima mashine zake, kwa sababu umeme wote ambao kilikuwa kinaula hupanda mlimani kwetu kwa mara moja.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Unamkumbuka Maman Furaha, jirani yetu wa ng'ambo ya njia. Bado tunamwita hivyo, ingawa Furaha wake alikufa kwa surua katika mvua zilizofuata komunyo yake ya kwanza. Picha ya mtoto hakuwa nayo. Kilichobaki ni ule utepe wa filamu aliopiga padri siku ile ya komunyo, kabla ya kurudi kwao na kukuachia mashine. Wakati taa zilikuwa nyingi, Maman Furaha hakuweza hata kusikia jina la binti yake. Alipopata nguvu ya kuomba, taa ilikuwa imebaki moja.

Alikuja kila Pasaka, akasimama pale mlangoni bila kuingia. "Papa Mugisho, unionyeshe tu vile anatembea. Sura ninayo. Ni kutembea ndiyo imenipotea." Nawe ukamjibu kwa upole: "Maman, courant iko mubaya. Hii ikiungua, hakuna ingine mu Zaïre muzima." Hukusema uongo. Mugisho alitafuta Kinshasa akakosa, tukaagiza Bujumbura wakakosa. Nami nilisimama nyuma yako, nikitikisa kichwa kukubali.

Tangu ufe hakuomba tena. Amekuwa akija kunipikia uji na kunikanda miguu, maana imevimba. Akipita mbele ya kabati, anageuza uso. Angeomba, ningemjibu kama ulivyomjibu wewe. Lakini kule kugeuza uso... Siku moja nikamwambia aje Jumapili, baada ya misa.

"Na Papa atasema nini?"

"Papa nitamwandikia."

Jumapili kiwanda kimelala, na nyumba zote zinapika kwa makaa. Tulitundika mablanketi madirishani. Yeye nilimweka mbele, mimi nikakaa karibu na ukuta, mkono juu ya plagi, macho kwenye ampuli ya jikoni. Kwa hiyo filamu sikuiona. Niliisikia tu kwake. Mara akapiga kelele: "Huyu! Huyu! Anavuta soksi! Mbele ya padri anavuta soksi, mutundu huyu!" Akacheka, Papa Mugisho. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Halafu ampuli ikawa nyekundu, ikafa. Nikachomoa. Feni ya mashine ilisimama, na taa ilikuwa moto bado, ndani yake. Nilimwambia asiisogeze hata kidogo, maana uzi wake hukatika kirahisi ukiwa moto. Akaenda kuchukua kipepeo cha mbabula, kile cha kuwashia jiko la makaa, akakaa anapepea kwenye matundu ya mashine, taratibu, kama mtu anayempepea mgonjwa.

Umeme uliporudi, ampuli iliwaka nyeupe kabisa.

"Maman, imerudi! Chomeka!"

"Ngoja."

"Si imerudi?"

"Imerudi na hasira. Ngoja."

"Haki, huyu muzee hakufa. Alihamia ndani yako!"

Tukacheka wote wawili, tukangoja mpaka rangi ikatulia. Nikarudisha utepe mwanzo, akamwona tena. Akaniomba mara ya tatu. Nilijua wewe ungesema inatosha. Nikasema ndiyo.

Mara hiyo ya tatu umeme ulikuwa shwari. Sindano haikutikisika. Na taa ikazimika yenyewe, bila mlio, bila moshi, kwa uzee wake tu. Tulikaa gizani. Nikamwambia, "Pole, maman." Naye akanijibu: "Hapana. Alikuwa amekwisha kuingia kanisani. Niliona mpaka kisigino."

Nimevunja neno lako. Nimetafuta majuto moyoni, asubuhi hii yote, nisiyapate. Hilo ndilo ninaloungama. Wala sisemi ulikosea. Kama usingekuwa mkali, taa ile ingeungua zamani kwa sinema za kuwachekesha wajomba, na Jumapili hii tusingekuwa na kitu cha kuwasha.

Utepe nimempa mama yake, uko kwake, ndani ya sanduku la nguo. Na nakuahidi: nikimaliza barua hii, namwandikia Mugisho nyingine, nimwambie ni mimi, kwa akili zangu timamu, ili kesho keshokutwa asiende mlangoni kwa Maman Furaha na maswali.

Pumzika, mume wangu. Kunigombeza utanigombeza nikifika, tutakuwa na nafasi. Kwa sasa nina ombi moja tu. Mtafute Furaha huko uliko, umwambie mama yake amemwona.

Mke wako,
Maman Mugisho