Picha ya Kitambaa cha Mama Chantal

Lubumbashi, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shangazi ameniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kupanda ile njia ya kisimani bila fimbo, nami nakujua, ukikatazwa ndio unaongeza mwendo. Mimi ni mzima wa mwili. Ila moyo umechafuka, na ningekuwa hapo Kigoma ungeliona jambo hilo usoni mwangu kabla sijavua viatu.

Kuna harusi niliyopiga picha wiki mbili zilizopita. Bwana harusi ni fundi wa mitambo mgodini, mtu wa Sri Lanka, wa dini ya Budha. Bibi harusi, Chantal, ni binti wa mtaa wa Katuba, hapa hapa mjini. Walioana kwa mila za kwao mume: jukwaa dogo la mbao lililojaa maua, sanamu ya Budha pembeni. Mjomba wa Chantal ndiye aliyewafunga vidole vidogo kwa uzi na kuwamwagia maji ya birika. Akaniomba nimpige picha tena kwa kuwa alifumba macho! Kisha akala sahani mbili za wali wa maziwa.

Kabla ya kupanda jukwaani, Chantal alinishika mkono. Alivaa sari nyeupe. "Ata foto zote ziharibike," akasema, "ile ya mama ibakie." Nikamwahidi. Kwa mila ile, mume humpa mama mkwe kitambaa cheupe, kumshukuru kwa maziwa aliyomnyonyesha binti. Mama Chantal alipoelezwa hivyo alikikumbatia kitambaa kifuani, akalia kwa furaha. Chantal akamtazama. Nikabonyeza. Mama, tangu nianze kazi hii sijapiga picha nzuri kama ile.

Chantal akasafiri na mumewe kwenda kujitambulisha ukweni. Siku ya tatu mjomba akaingia studio. Kumbe ni shemasi wa kanisa katika mtaa wa huku mjini uitwao Kenya.

"Mutoe ile sanamu, mutie maua. Na ile foto ya kilamba mufute kabisa. Bantu ba église bataona aje, dada yangu anapokea bintu bya sanamu?"

Kilamba ndicho kile kitambaa cheupe. Nikamuuliza kama na wali ule nao tuufute. Bosi wangu akanikatiza: "Siye kazi yetu iko foto, haiko dini. Futa."

Nikaogopa kufukuzwa, Mama. Nikafuta, kwa kidole changu mwenyewe, huku mjomba amesimama nyuma yangu kuhakikisha. Akasema merci, akaenda zake.

Juzi Mama Chantal akaja, amejipaka mafuta vizuri.

"Jambo yenu. Nilikuya juu ya foto yangu, ile ya kilamba."

Nikamwambia mashine imeharibika. Uongo ukatoka laini, hata mimi nikashangaa. Akafungua mfuko, akatoa kitambaa kilichopigwa pasi, akajitanda mabegani, akaketi kwenye benchi. Kisha akasogea pembeni, akaacha nafasi.

"Piga. Hapa utamutia Chantal. Kaka yangu aliniambia mulitoa sanamu. Kama munajua kutoa, munajua na kurudisha."

Nikapiga.

Tangu asubuhi niko mbele ya kompyuta. Picha za Chantal ninazo nyingi. Katika hizo anamtazama mumewe, au ananitazama mimi, au ameinamisha macho. Hakuna hata moja ambamo anamtazama mama yake. Ilikuwa moja tu, ile niliyoifuta.

Mama Chantal atarudi Jumatano. Safari hii nitamwambia nilichofanya, mbele ya bosi, na liwe liwalo.

Nisalimie shangazi, na mkwe wetu aliyekukandia goti, na jirani yetu mshona mikeka. Pacha wangu Bukuru nisalimie pia, ila barua hii usimsomee. Anajisifu kwa watu kwamba dada yake anatunza nyuso za watu huko Kongo.

Mwanao,
Butoyi