Gutieri ya Meno Yangu

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Tumerudi Baraka saa kumi na mbili asubuhi, miguu imelowa umande, mgongo unaniuma. Hii ni wiki ya tatu. Usiku tunawakimbia wanajeshi, tunalala kwenye matete ya mtoni; mchana tunajifanya watu wa kawaida. Nimefungua atelier, karakana yangu ya meno. Hakuna mteja — nani atatafuta jino la bandia wakati hajui kesho atatafuna nini? Nimepangusa vyombo vyangu na kuvipanga upya. Miaka kumi na tisa natengeneza meno ya watu, na siku isiyo na kazi bado inanitia aibu.

Mchana amepita jirani Norbert. Yeye ndiye mkuu wa kundi letu kule mateteni, watu kumi na wanne pamoja na watoto wake. Hakutaka kiti. Amesema mahali pamekuwa padogo, mimi na mke wangu tutafute pengine. Padogo! Matete yale yangeficha parokia nzima. Muda wote alikuwa anaangalia viatu vyangu.

Jana usiku walitupokea, leo sijui.

Jumanne, 7 Septemba

Tumelala peke yetu, upande wa juu, karibu mno na njia. Sikupenda.

Nimembana mke wangu Nadège nusu ya asubuhi ndipo akasema. «Papa Darius, beko banakukataa weye. Unasagaka meno usiku. Unasaga sana.»

Nikacheka. Mimi? Mji mzima unanijua kwa utulivu. Mwaka wa tisini na sita watu walipoanza kukimbia, mimi nilimaliza kwanza kung'arisha meno ya mzee mmoja wa Mboko, nikafunga mlango kwa ufunguo, ndipo nikaondoka.

Hakucheka. Amesema Alhamisi iliyopita wanajeshi walipita juu yetu, hatua ishirini hivi. Kila mtu kabana pumzi. Florentine, mke wa Norbert, alikuwa amemtia mtoto titi mdomoni asilie. Na mimi nimelala, grrr, grrr, kama mama anayesaga muhogo kwenye jiwe. Baadaye Florentine akasema: mutoto ananyamaza, mutu muzima njo anapiga kelele!

Nimetoka nyumbani. Nimekasirika mpaka sasa ninapoandika.

Jumatano, 8 Septemba

Hasira imepungua, imebaki aibu. Nimemuuliza Nadège nilianza lini. Anasema vita vya kwanza. Miaka mitatu! Kwa nini hukuniambia?

«Ningekuambia nini? Ungesema mi naongopa.»

Kweli, ningesema.

Halafu akaongeza jambo jingine, taratibu, huku anachambua mchele. Tangu tuanze kulala porini, yeye halali. Anakaa kichwani pangu. Taya likianza, ananibonyeza shavu kwa vidole viwili mpaka liachie. Ile Alhamisi alisinzia kidogo tu. Na mimi mjinga nilikuwa nikimwona macho mekundu, nikadhani malaria, nikamnywesha kinini! Wiki tatu mwanamke huyu amekesha kwa ajili ya mdomo wangu, na asubuhi ananipikia chai. Nampenda. Sijamwambia hivyo siku nyingi.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimechukua kile kioo kidogo chenye mpini, nikajitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ningekuwa mteja wangu, ningejua kwa dakika moja. Chonge zimekuwa bapa. Magego yanang'aa kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Nimetazama midomo ya watu maelfu, kutoka hapa hadi Swima, wangu sikuwahi kuufungulia kioo. Basi hofu ninayo kama wengine, ila yangu inatoka nikishalala. Nimekaa na wazo hilo muda mrefu.

Florentine ameleta mbegu za papai, eti kinachonisagisha meno ni minyoo ya tumbo. Nimezitafuna zote mbele yake, chungu! Yeye ana moyo mzuri. Mama yake ndiye ananitia wasiwasi. Anasema waziwazi kisimani kwamba anayetafuna usiku, kuna mtu anamtafuna. Maneno ya uchawi namna hiyo yakishika, hata matete hayatatosha kunificha.

Ijumaa, 10 Septemba

Nitajitengenezea gutieri, kifuniko cha meno ya juu. Niliwahi kutengeneza nne enzi za hospitali ya misheni: mbili za masista, moja ya mwalimu, moja ya kijana wa Fizi aliyekuwa anapigana ngumi na hakutaka kupoteza meno yake. Resini imebaki ya kutosha kimoja tu, ile plastiki ya waridi ya kutengenezea ufizi. Haidhuru, gizani nani ataona rangi?

Tatizo ni kuchukua sura ya meno. Mgonjwa ni mimi, fundi ni mimi, na mikono ni hii miwili. Nimemfundisha Nadège. Lainisha pati, ile nta ya kuchukulia sura, kwenye maji ya moto, jaza kijiko cha meno, ingiza mdomoni, bana, hesabu mpaka mia. Alipofika thelathini nikaanza kutapika. «Tulia! Njo namna unawaambiaka bagonjwa!» Mara ya pili alinikalia mapajani ili nisitoroke. Tumecheka mpaka jirani mmoja akachungulia. Sura imetoka safi, kila jino mahali pake. Ana mkono mzuri kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwa nao.

Jioni nimemwaga plasta ndani ya sura hiyo. Kisha porini, peke yetu tena. Yeye hakulala.

Jumapili, 12 Septemba

Jana nimechemsha resini kwenye sufuria tangu asubuhi. Leo nimeisugua kwa msasa, kisha kwa unga wa jiwe, kisha kwa kitambaa. Kimeng'aa! Nilitamani mwalimu wangu wa zamani akione. Kimekaa mdomoni bila kucheza hata unywele.

Baada ya misa nimelala chumbani nacho ili Nadège asikilize. Nilipoamka alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani.

— Basi?
— Kusaga haiko. Lakini inapiga. Ka, ka, ka. Sauti inafika mbali kuliko ya kwanza.

Nimejiona mpumbavu. Nilifundishwa kuokoa meno, nikatengeneza kitu cha kuokoa meno: kigumu, laini juu, kizuri kwa macho. Hakuna darasani aliyewahi kuniambia kuna siku mtu atahitaji ukimya, na meno yenyewe yaharibike tu yakitaka. Mkono ulifuata mazoea na kichwa kikafuata mkono. Resini imekwisha.

Nimenuna mchana mzima. Nadège ameniacha ninune.

Jumatatu, 13 Septemba

Mpira! Mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Nimeutazama ukutani miaka mitatu, baiskeli yenyewe ilichukuliwa na wanajeshi. Nimekata kipande, nikakichemsha mara nne mpaka harufu ikapungua, nikakwaruza chini ya gutieri ile nzuri — iliniuma kuikwaruza — nikabandika, nikatoboa pembeni nikashona kwa uzi wa wavu. Sura yake sasa ni mbaya kabisa. Ladha ni ya barabara ya Uvira.

Nimelala nacho mchana. Nadège alitega sikio saa mbili nzima. Kimya! Nilitafuna, anasema, aliona taya linakwenda, lakini kimya.

Nikaenda kwa Norbert na kitu changu mkononi. Alikigeuzageuza. Nimemwambia ukweli wote, hata wa minyoo. Alifikiri, kisha: «Docta, mi haina ubaya na weye. Batoto njo nafikiria. Basi, usiku moja. Tukisikia kitu, mutaenda, na hatutabishana.» Nimekubali. Kule juu karibu na njia hatutapona wiki nyingine, hilo sote tunalijua.

Nadège amefua kitenge cha kulalia. Nimemwambia leo ulale, mama, leo ni zamu yako.

Jumanne, 14 Septemba

Nimeandika mapema, kabla mtu hajaja.

Gutieri imefanya kazi. Norbert mwenyewe alikaa karibu yangu kunisikiliza, na sikutoa hata mlio. Najua kwa sababu niliamshwa na mkono wake begani, na kimya kilikuwa kimya kweli, vyura tu.

Hakuninyooshea mimi. Alinyoosha kidole kwa Nadège.

Mke wangu alikuwa amelala fofofo, uso umelegea kama msichana, na alikuwa anaongea. Kwa sauti! Ndotoni alikuwa sokoni. Anauza ndakala, dagaa wa ziwani. «Karibu, mama, karibia! Hii ya leo, angalia macho yake! Kwako nitaongeza, weye si mugeni.» Akacheka, kicheko kile kikubwa cha zamani ambacho nilikuwa nimesahau kwamba anacho. Watoto wa Norbert waliamka. Mmoja naye akacheka.

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Aliendelea kuongea chini ya kiganja changu, nikahisi midomo yake ikimwita mteja mwingine. Sikumwamsha. Wiki tatu hajalala, ningemwamshaje? Nilikaa hivyo mpaka alfajiri, mkono umekufa ganzi, na wote walikuwa macho wananitazama.

Njiani kurudi Florentine alitangulia mbele na watoto. Nadège alitembea nyuma yangu akijinyoosha. Anasema hajalala hivyo tangu mwaka wa tisini na sita. Sasa yuko jikoni, anaimba, anawasha makaa. Ameniuliza mara mbili kupitia dirishani: «Papa Darius, basi Norbert anasema nini? Tunabaki nabo?»

Nimemjibu namaliza kuandika. Norbert amefungua mlango wake. Anavuka uwanja, anakuja huku, na Nadège amemwona kabla yangu, anamtolea kiti.