Jani la Kifua

Dada Zuhura,

Shikamoo. Assalaam alaykum, wewe na wote mliomo humo ndani Michenzani. Goti la mama linampandisha ngazi siku hizi, au bado anapumzika kila ghorofa na kumlaumu aliyejenga? Mie mwili mzima, Alhamdulillahi. Moyo ndio mpweke, leo sikufichi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ukiongea na simu mama hukaa pembeni akasikiliza, na haya si ya masikio yake. Isome peke yako, halafu uifiche.

Kazi yangu huku Norwei unaijua: nasoma majani ya dawa, naandika makala, kisha nangoja wataalamu wenzangu wanitaje katika makala zao. Huku mtu hupimwa kwa kutajwa. Na makala yangu moja inatajwa mno, ile ya jani nililolichuma Chukwani, nyuma ya nyumba ya shangazi. Wa madawa wananitaja, wa mimea wananitaja, wa lugha wananitaja kwa majina ya majani niliyoyakusanya, hata wa historia. Mkuu wangu kanambia ndiyo itakayonipa kazi ya kudumu. Bila hiyo mkataba unaisha, nafunga virago. Na mie ninayetajwa dunia nzima, dada, hapa nnapokaa hakuna anayeniita. Jirani wa mlango wa pili, mwaka wa tatu huu, hajui naitwa nani. Siku nyengine nasema "naam" peke yangu jikoni, nisikie tu sauti ya mtu.

Basi wiki iliyopita akaniandikia binti mmoja wa Tumbatu, mwanafunzi wa ukunga. "Shikamoo Daktari. Samahani sana, sikukusudia kukuvunjia heshima. Umeandika kuwa jani hili hunywewa kwa kikohozi. Kwetu halinywewi. Ni la kuwafukizia wazazi, wanawake waliojifungua, ndani ya siku arubaini za uzazi. Nimemuuliza mama, nimemuuliza bibi, wote wamecheka."

Wamecheka! Hapo nikakumbuka. Mama na shangazi wako mkekani wanachambua mchele, mie nimesimama na daftari na tawi mkononi, nauliza, "Hili la nini?" Wakatazamana. Mama akajiziba mdomo kwa kanga. "La kifua hilo, mwanangu. Andika." Shangazi akacheka hadi ungo ukapinduka. Nikadhani wanalicheka daftari langu. Na wewe ukainuka kwenda jikoni, kumbe ndiyo kwanza umetoka arubaini, umefukizwa nalo mwenyewe! Hukuniambia, Zuhura. Miaka yote hii!

Nikajipa moyo: mbona mama hunitumia jani hilo kila baridi ikianza na kifua kikanibana? Ampe mwanawe anywe dawa ya wazazi? Nikakichukua kifuko cha mwisho, nikakiroweka kipande kwenye kisosi mpaka kikakunjuka. Wallahi silo. La Chukwani ukingo wake laini, hili lina meno meno. Mie msomi wa majani nimekuwa nikilichemsha na kulinywa, na sikuwahi hata mara moja kulitazama.

Kwa mdomo mama aliona haya, mtoto wa kiume haambiwi mambo ya wazazi. Lakini hakuniacha ninywe lile la kufukizia, akanitumia la kifua la kweli. Nilikaa pale jikoni nikalia, sioni aibu kukwambia.

Siku nne nimelala na jambo hili na kuamka nalo. Ningeweza kunyamaza. Kikao cha kazi ni mwezi ujao, na yule binti ana adabu, asingerudia. Lakini kuna watu kwenye maabara zao wanachemsha jani la kufukizia, wanatafuta dawa ya kikohozi, kwa sababu yangu. Leo asubuhi nimetuma masahihisho. Nimeandika kwamba aliyegundua ni binti yule, kwa jina lake, na kwamba kosa ni langu: nilimuuliza mama jambo ambalo mtoto wa kiume hamuulizi mamake, badala ya kumtuma dada yangu. Mkuu wangu kayasoma, kavua miwani. Kazi nadhani imekwenda. Huenda ukaniona kabla ya Ramadhani, na sijui kama nahuzunika au nafurahi.

Shemeji wa bandarini Malindi msalimie, asichoke kubeba. Wanao wabusu mmoja mmoja, mkorofi mara mbili. Shangazi wa Chukwani mwambie nshajua alichokicheka.

Mama usimwambie kitu. Akijua kuwa nimejua, hatoweza kunitazama usoni, na mie vivyo hivyo. Mwambie tu jani la kifua limekwisha, anitilie jengine. Lile lile la siku zote.

Nduguyo wa tumbo moja,
Haji