Kazi ya Kukaa Nao

Kabeza, Kigali
Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi na watoto tu wazima, na kama magoti yako yametulia na migomba haijaangushwa na upepo, basi nashukuru mara mbili. Kwa kuwa simu huisikii tena, najua anayekusomea ni mjukuu wako Trinah. Trinah, soma polepole wala usiruke mstari. Bibi yako masikio yamechoka, akili bado.

Habari za hapa ni zile zile. Ndege zinapita juu ya kanisa mpaka padri anakatisha mahubiri kuzingoja. Jumuiya yetu bado inakutana kila Ijumaa kumwombea mdogo wangu Mugenzi na wale wenyeji wa asili anaoishi nao huko mtoni, Amazoni. Watu huniuliza mtawa wetu, Bruda Mugenzi, anafanya kazi gani kule. Amejenga shule? Amechimba kisima? Nikiwajibu kwamba anakaa nao tu, wanacheka. Siku moja niliwakumbusha tunavyofanya sisi kwenye msiba: jirani anafika, anaketi na wafiwa hata kama hana la kusema, na hakuna anayemuuliza amekuja kufanya nini. Tangu siku hiyo hawacheki sana.

Kampuni ya madini ilipoleta mashine kwenye ardhi ya wale watu, walitoka wote wakaketi njiani, na Mugenzi akaketi katikati yao na kanzu yake. Madereva wakazima mashine. Wenyeji peke yao walikuwa wakifukuzwa kwa mbwa, lakini mbele ya mtawa mgeni wale mabwana waliona haya, au waliogopa magazeti.

Sisi huku tumefanya tulichoweza, nacho ni kidogo. Eustache, mwenyekiti wa kikundi cha haki na amani parokiani, ni mwalimu mstaafu asiyechoka kuandika. Ameandikia ubalozi, ameandikia maaskofu wa kule. Majibu yalikuja kwa lugha nzuri sana: wamepokea, wanashukuru, wanafuatilia. Kwenye kikao jirani yangu Spès akasema matatizo iko mingi hapa kwetu, kwa nini tuwalilie watu tusiowajua. Eustache alimjibu kwamba hata sisi, wakati wa mauaji, tuliwahi kuuliza mataifa yako wapi. Lakini jibu zuri halizuii mashine, Mama. Tunasali rozari, tunakunja viti, tunarudi kupika.

Mwezi uliopita katekista wao alipigwa risasi akitoka kuvua samaki, akafa. Shirika lililomtuma huko likawaondoa masista wawili waliokuwa pamoja na Mugenzi, yeye akaachiwa achague mwenyewe. Hapo ndipo ulipomtuma Gatera, dereva wa basi la Rusumo, aniletee neno lako: nimwambie Mugenzi mama yake anamwita arudi. Hukuongeza kitu, wala hapakuwa na haja. Kwetu mtoto akiitwa na mama yake haulizi kwa nini, na Mugenzi hajawahi kulivuka neno lako tangu azaliwe.

Jumapili iliyopita alipiga simu. Trinah, hapa mpe kwanza bibi yako maji.

Mama, sikumwambia.

Sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema anaogopa, analala na viatu miguuni. Akaniuliza Mama amesemaje. Likitoka neno moja tu kwako, alisema, kesho yake atapanda mtumbwi. Nami neno nilikuwa nalo mdomoni. Nyuma yake nilisikia mtoto analia na bibi mmoja anambembeleza. Mugenzi akaniambia kwamba bibi huyo kila asubuhi huchungulia kibandani kwake kuona kama bado yupo, ndipo anapowasha moto.

Nikakumbuka habari za kambi ya wakimbizi. Ile hadithi uliyotulea nayo: kipindupindu kilipoingia wenye magari wakaondoka, padri mmoja akabaki, akaketi juu ya sanduku kando ya kifungua mimba wako mpaka mtoto akakata roho. Hakuwa na dawa. Ulikuwa ukituambia, hakutuponya, lakini hakutuacha. Mugenzi aliinyonya hadithi hiyo pamoja na maziwa yako. Basi nikamwambia tu kwamba Mama anakusalimu na anakuombea. Akasema sawa, dada.

Tangu hapo hapatikani. Shirika linasema mnara wa simu umezimwa na mashine zimeingia tena. Eustache ameandika barua nyingine. Mimi nafua, napika, naangalia simu. Sijui kama nimemwacha mwanao na kazi yake au nimemtoa afe. Neno lilikuwa lako, halikuwa langu kulizuia. Ukinisamehe nitashukuru, ukinikasirikia sitakuwa na la kujitetea. Gatera anarudi huku Alhamisi. Mpe jibu lako. Mungu akijalia Mugenzi akapiga tena, nitamfikishia vile utakavyosema, bila kupunguza.

Wasalimie majirani wote, na wale wa jumuiya ya huko wamtaje kwenye sala zao. Bikira Maria akufunike.

Mimi binti yako akupendaye,
Kayitesi

Trinah mwanangu, ukimaliza kusoma usikimbilie jikoni, wala usihangaike kutafuta maneno. Sogeza kigoda, keti naye.