Binti Mara Kumi na Moja

Kimara,
Alhamisi

Dada Mwanaasha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kigamboni, na ule mgongo umepunguza visa. Shemeji Twalib hajambo? Mdogo wako sijambo kwa mwili, ila moyo umenielemea, na kwenye simu ningeanza kulia kabla salamu hazijaisha.

Ile katuni ninayoitafsiri pale studio nilikusimulia. Yule binti aliyenyoa nywele, anayebeba ngao na kuwaangusha wanaume wazima, sauti yake nilikuwa naiingiza mwenyewe. Nilimwambia Najma kwamba huyo ni yeye mtupu, maana najua mtaani wanamwita jikedume kwa sababu ya mpira. Mwanao alifurahi mno, akaapa kuwaita wote wanaomcheka waje kuitazama hapo kwenu.

Juzi, tulipokwisha kumaliza, bosi wetu Bwana Benjamin akaitazama. Akasema msichana gani huyo, hasuki, haolewi, hata kulia halii, wazazi watalalamika. Tumlainishe, au katuni isitoke. Na picha zilishachorwa na wenyewe huko nje, sisi tuna sauti tu.

Dada, mie na kimbelembele changu ndiye niliyesema. Nilidhani natania: "Bosi, Kiswahili hakina kesi. Anapigana ni anapigana, awe wa kike awe wa kiume. Mfanye mvulana, yaishe." Hakucheka. Akanipa kazi hiyo mimi mwenyewe. Filamu nzima neno la kubadili lilikuwa moja tu, binti, nalo limo mara kumi na moja. Nimelifuta kote kwa mkono wangu, nikaandika kijana. Sauti yangu ikatolewa, akaingia Wilbert. Jana nilirudi kumwomba bosi, akasema imeshapelekwa kwenye televisheni.

Itaonyeshwa Jumamosi saa nne asubuhi. Najma kanipigia, ameshaalika wenzake tisa. Nikamjibu, "Vizuri, mwanangu." Sikuthubutu kumwambia kuwa watakaa pale wote wamtazame mvulana akishinda.

Mwambie wewe, dada, au usimwambie. Mie nimeshindwa.

Nisalimie shemeji na majirani wote wanaoniulizia. Najma usimpe salamu zangu kwa sasa, asije akakuuliza mbona sauti ya mama mdogo haimo.

Mdogo wako mkosefu,
Zubeda